Tango (si lile la kachumbari): kwa nini kila wimbo kuna mtu kaachwa?

#1 Kinanda_Kibovu
Wakuu, habari za jioni.

Niko Hamburg, na kwa miaka miwili sasa kila Jumatano naenda kucheza tango, lile la Argentina la kukumbatiana. Mwanzoni nilicheza kwa miguu tu, Kihispania sikijui hata salamu. Raha tupu. Juzi juzi nikaanza kujifunza lugha, na kitumbua kikaingia mchanga.

Ilikuwa hivi. Niko uwanjani nimejawa na tabasamu, mwalimu wetu, mama mtu mzima wa Buenos Aires, akanigusa bega: unachekelea nini, unajua huyo anaimba nini? Akanitafsiria palepale. Jamaa kapigwa kibuti. Anarudi chumbani na biskuti za kunywea mate, ile chai yao, kana kwamba mwenyewe bado yupo. Usiku hafungi mlango, huenda akarudi. Kioo kimefanya ukungu kama kimelia. Gita limetundikwa kabatini, hakuna wa kulipiga. Hata taa imegoma kuuangaza usiku wake.

Nilidhani ni huo mmoja. Nikaanza kuifuatilia mingine na daftari mkononi. Karibu yote ni yaleyale: mwanamume kaachwa, mwanamke ndiye msaliti, mara nyingine rafiki naye yumo, na binadamu pekee asiyesaliti ni mama mzazi.

Kwa nini? Wanawake wa kule walikuwa hivyo kweli, au ni kwa sababu kalamu walishika wanaume?

#2 Kachumbari_Moja
Nimefungua uzi kisu na kitunguu mkononi nikijua tunaongelea tango. Nimeambulia machozi, na kitunguu sijakata bado. Nakaa pembeni nasoma.

#3 Mwalimu_wa_Zamu
Mleta mada, huo ni "Mi noche triste". Maneno ya Pascual Contursi, muziki wa Samuel Castriota, na mwimbaji Carlos Gardel aliurekodi 1917. Muziki ulikuwepo kabla bila maneno, ukiitwa "Lita". Contursi ndiye aliyeupachika hadithi.

Kabla ya hapo tango zenye maneno zilikuwepo, ila nyingi za majigambo na utani mchafu: mimi ndiye mchezaji, mimi ndiye dume la mtaa huu. Contursi akaleta dume linalolia. Gardel akaliimba, watu wakanunua sahani za santuri, na watunzi wengine wakaona pesa iko kwenye kibuti. Jibu langu basi ni la kibiashara zaidi. Wimbo mmoja ulitoka, ukauza, ukaigwa miaka thelathini.

Na hilo neno kibuti umelitumia vizuri kuliko unavyojua. Mstari wa kwanza una kitenzi "amurar", ambacho si Kihispania cha darasani. Ni lunfardo, lugha ya mtaani ya Buenos Aires, na maana yake ndiyo hiyo hiyo.

#4 Mtaa_wa_Pili
Kumbe lunfardo ni Sheng yao. Niliwahi kukaa chumba kimoja na Muargentina chuoni, alikuwa anageuza silabi makusudi nisimwelewe. Tango anaita gotán. Mujer, yaani mwanamke, inakuwa jermu. Café inakuwa feca. Nilidhani ana shida ya ulimi.

#5 Bi_Shumi
Hayo ya kugeuza silabi Unguja tukiyaita kinyume, tukicheza utotoni watu wazima wasitufahamu. Haya endeleeni wanangu, mie nasikiliza.

#6 Baharia_Mstaafu
Shikamoo Bi Shumi. Wengine marahaba.

Mimi nilifika Buenos Aires kwa meli mara mbili, miaka ya themanini. Sikucheza tango, nilikula nyama. Lakini mzee mmoja wa La Boca, kule bandarini kwenye nyumba za mabati ya rangi rangi, alinieleza jambo ambalo sijalisahau. Babu yake alitoka Genova peke yake. Kila aliyemjua alitoka peke yake.

Nimesoma baadaye: sensa ya 1914 ilikuta karibu nusu ya wakazi wa mji ule wamezaliwa nje ya nchi, wengi Waitaliano na Wahispania, na wanaume wakiwa wamewazidi wanawake. Sasa nendeni machimbo yoyote ya dhahabu mnayoyajua. Wanaume mia, wanawake kumi. Mwanamke akigombana nawe asubuhi, mchana keshapata wa kumsikiliza. Anayebaki na kitanda kitupu ni nani? Ni mwanamume. Hakuna siri zaidi ya hiyo.

#7 Lulu_wa_Maskati
Kwa hiyo mwanamke akichagua, kuchagua kwake ndio usaliti? Nauliza tu.

#8 Baharia_Mstaafu
Dada, sikusema ni haki. Nimesema ndivyo wimbo ulivyozaliwa.

#9 Mwalimu_wa_Zamu
Nakubaliana nusu na Baharia. Idadi inaeleza upweke, haielezi hasira. Ukizisoma kwa makini utaona anayelalamika analalamikia pesa.

Watu wale walipanga kwenye nyumba walizoita conventillo: vyumba vimeuzunguka uwani, familia nzima chumba kimoja, bomba moja, choo cha foleni. Aliyekulia nyumba ya kupanga Kariakoo au Magomeni hahitaji picha. Binti wa pale anavaa percal, kitambaa cha pamba cha bei ya chini. Halafu siku moja anaonekana katikati ya mji, kwenye kabarei, kavaa hariri. Ndiyo hadithi ya "Milonguita" ya 1920, maneno ya Samuel Linnig: Estercita wa mtaani, leo mjini wamempa jina jingine. Celedonio Flores ana ya kwake, "Margot", binti aliyezaliwa Margarita.

Na yule anayemlipia hariri wanamwita bacán. Sisi tunamwita buzi.

#10 Mtaa_wa_Pili
Hahaha, hapo sasa nimeelewa. Kwetu ni sponsa. Tango ni wimbo wa kijana asiye na gari.

#11 Kinanda_Kibovu
Mwalimu, umenikumbusha "Mano a mano", ya huyohuyo Flores, muziki wa Gardel na Razzano. Hiyo nimeisikiliza mpaka nimechoka. Jamaa anamwambia aliyekuwa wake: hatudaiani, tumelipana. Sasa una buzi wako unamchezea kama paka anavyomchezea panya. Nakutakia mema. Na siku utakapokuwa fanicha kuukuu, ukihitaji msaada au ushauri, mkumbuke rafiki yako huyu.

Nilivyoisoma mimi, huyu ni muungwana. Ndiyo tango pekee niliyokuta mtu anaachwa na bado ana heshima.

#12 Lulu_wa_Maskati
Muungwana? Mtu anayekuombea uzee uje haraka ili uje kumpigia magoti? Hiyo ni laana iliyovikwa kanzu. Baba wa watoto wangu aliniambia maneno hayohayo tulipoachana: "ukikwama nipigie". Alisema mbele ya wazee, wote wakamsifu kwa ubinadamu. Mimi peke yangu niliisikia sauti iliyokuwa chini ya ile sauti.

#13 Bi_Shumi
Lulu mwanangu, hilo kwetu lingeitwa fumbo. Maneno matamu, mwiba ndani. Aliyekusudiwa anajua.

#14 Fundi_Redio
Nipite na mawili matatu.

Moja, msiwasahau wanaocheka. Kuna mtunzi anaitwa Enrique Santos Discépolo, aliyefariki Desemba 1951. Huyu aliiona fomula ya Contursi akaanza kuifanyia dhihaka. Wimbo wake "Chorra" wa 1928, maana yake mwizi wa kike: jamaa anasema katika miezi sita umenila kibanda cha sokoni, ndoano za nyama, na meza ya kuuzia. Na si wewe tu, na mama yako, na baba yako. Mama alijifanya mjane wa shujaa wa vita, kumbe baba yuko hai anatumikia kifungo. Kinachomuuma zaidi jamaa si mapenzi, ni kwamba alikuwa boya kiasi hicho.

Mbili, huyohuyo ana "Victoria" ambamo mke kaondoka na mume anaruka kwa furaha: nitawaona marafiki zangu tena, nitarudi kwa mama!

Tatu, nimeisahau. Nikikumbuka narudi.

#15 Mzee_wa_Bucha
Nimesoma uzi huu kimyakimya mpaka ndoano zilipotajwa.

Wakuu, huo wimbo ni wa kwangu. Nilikuwa na bucha mbili. Moja barabarani kabisa, mzani mpya, friji ya kioo. Nikampata mtu. Akaja shemeji kusaidia mauzo. Akaja mama mkwe "kwa wiki moja". Kila jioni hesabu inapungua kilo tatu, kilo tano, naambiwa nyama inanyauka inapoteza uzito. Mimi muuza nyama wa miaka kumi na sita naambiwa nyama inanyauka, nami naitikia kwa kichwa! Leo nina bucha moja, na mzani ni ule wa zamani.

Unaimbwaje? Naomba maneno yake kwa Kiswahili niyabandike ukutani, juu ya maini.

#16 Kachumbari_Moja
Mzee pole sana. Lakini "nyama inanyauka" nitaitumia.

#17 Mtaa_wa_Pili
Huyo Gardel mwenyewe si alipigwa risasi na mume wa mtu? Nimewahi kusikia ndicho kilichomuua.

#18 Mwalimu_wa_Zamu
Hapana. Umechanganya vitu viwili. Risasi alipigwa kweli, Desemba 1915 Buenos Aires, na ikabaki mwilini. Lakini aliishi nayo miaka ishirini. Alifariki kwenye ajali ya ndege Medellín, Kolombia, tarehe 24 Juni 1935, pamoja na Alfredo Le Pera aliyekuwa mtunzi wake wa maneno. Kaburi lake lipo makaburi ya Chacarita, na watu mpaka leo wanaiwekea sanamu yake sigara iliyowashwa mkononi.

Na kwa faida ya mada: hakuoa kamwe. Alimlilia kila mwanamke wa Buenos Aires kwa sauti, na nyumbani alikuwa na mama yake, Berta.

#19 Baharia_Mstaafu
Sasa hapo Mwalimu umegusa ninachokiamini. Suala la mama. Mtu kavuka bahari, mama kamwacha Italia, hajamwona tena. Halafu anaimba "nimeachwa". Aliyeacha ni nani? Ni yeye! Yeye ndiye aliyepanda meli. Nimekaa melini miaka ishirini na saba, najua mtu anavyolewa akimlalamikia mwanamke wa bandari ya juzi, na ukimkalia karibu unagundua anayemlilia ni mtu mwingine kabisa, wa nyumbani. Mama yangu alifariki tukiwa kati ya Durban na Karachi. Niliambiwa siku nne baadaye.

#20 Kinanda_Kibovu
Pole sana mzee wangu.

#21 Lulu_wa_Maskati
Pole Baharia.

Lakini sitaki uzi uishie kwenye kuwahurumia tu. Nimetafuta usiku kucha, na kuna nyimbo hamjazitaja. "A la luz del candil": mtu anakwenda kwa sajenti usiku ajisalimishe, amewaua wawili, mwanamke wake na rafiki aliyemsaliti, na ushahidi ameubeba kwenye mkoba: suka za nywele za mwanamke na moyo wa mwanamume. "Noche de reyes": mume anamfumania mkewe usiku wa Wafalme Watatu, usiku ambao watoto wao huweka viatu nje wapate zawadi. Anaua. Mtoto asubuhi yuko na viatu vyake. Na ile "Amablemente" aliyoiimba Edmundo Rivero: anamfumania, anamruhusu mwanamume aondoke salama, anamwagiza mke amletee ndara na amtengenezee mate, halafu kwa upole kabisa, ndivyo jina la wimbo linavyosema, anamchoma visu thelathini na vinne.

Thelathini na vinne, na mwanamume kaondoka na viatu vyake miguuni.

Hivi vinachezwa watu wamekumbatiana?

#22 Fundi_Redio
"Amablemente" ni ya kusikiliza zaidi, si ya kuchezea. Na waliokuwa ukumbini walicheka kwa sababu ni mzaha wa makusudi, wa mtu kuigiza ukali.

#23 Lulu_wa_Maskati
Najua ni mzaha. Mzaha huwa na anayechekwa. Kule Argentina wanawake walijaza barabara Juni 2015 wakipinga kuuawa, "Ni Una Menos", asipungue hata mmoja. Sidhani kama walikuwa wanajibu wimbo. Lakini wimbo ulikuwa ukipigwa nyumbani siku zote hizo.

#24 Bi_Shumi
Nami sasa niseme. Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay 1928 kurekodi santuri, alikuwa na wimbo wa "Kijiti". Mkasa wa kweli. Mwanamke mgeni aliyetoka bara, mjamzito, katolewa matembezini akauliwa. Muuaji akatoroka, mashahidi ndio waliofungwa. Mji mzima uliimba.

Tazameni tofauti. Huko kwenu kwenye tango muuaji ndiye mwenye kusimulia, nanyi mnamhurumia hata hajamaliza ubeti. Siti alisimama upande wa maiti, akawataja watu kwa majina yao, na hakimu naye akapata lake. Kisa ni kilekile cha damu, ila mwenye kukishika mdomoni si yule.

Mie sisemi taarabu yetu ni safi. Huku pia zipo za kumsuta mwanamke mwenzio mpaka akahama mtaa.

#25 Mwalimu_wa_Zamu
Bi Shumi umenifunga mdomo, na nilikuwa nimeshaandika aya tatu. Nimezifuta.

Nibakize moja tu. Swali la nani anasimulia ndilo lililomfanya Discépolo awe tofauti na wenzake. Sikilizeni "Confesión", maneno kaandika na Luis César Amadori. Mwanamume anakiri: ni mimi niliyekufukuza. Nilikupiga, nikajichukiza kwako makusudi, ili uniache ukapate maisha bora kuliko yangu. Leo nimekuona unapita, mzuri kama jua, watu wanasimama kukutazama. Kwa hiyo "usaliti" wote anaoulilia aliupanga mwenyewe. Au ndivyo anavyojidanganya. Wimbo haukwambii, na hapo ndipo ninapoupenda.

#26 Lulu_wa_Maskati
Alimpiga "kwa faida yake". Nimeisikia hiyo pia, Mwalimu, bila muziki.

#27 Mtaa_wa_Pili
Na wanawake walikuwa wapi? Hakuna aliyejibu?

#28 Fundi_Redio
Nimekumbuka ile ya tatu, ndiyo hiyo!

Walikuwepo wengi kwenye kuimba. Azucena Maizani alikuwa akipanda jukwaani na mavazi ya kiume. Mercedes Simone, Rosita Quiroga, Libertad Lamarque. Na kwenye kutunga alikuwepo María Luisa Carnelli, mwandishi wa habari, ila maneno yake yalitoka kwa majina ya kiume: Luis Mario, na Mario Castro. "Cuando llora la milonga" ni yake. Watu waliimba uchungu wa mwanamume ulioandikwa na mwanamke aliyejificha ndani ya jina la mwanamume.

Tita Merello naye aliimba "Se dice de mí": wanasema mimi mbaya wa sura, wanasema natembea vibaya, waache waseme. Bi Shumi angeipenda. Hiyo ni mipasho mitupu.

#29 Bi_Shumi
Nitafutieni.

#30 Kachumbari_Moja
Kwa kuwa matango yamegoma kutajwa, nataka kuingiza hoja ya kisomi. "Tango" si ni neno letu? Kutanga, kutangatanga. Mtu kaachwa anatangatanga mjini usiku. Nimemaliza. Naomba shahada yangu.

#31 Mwalimu_wa_Zamu
Shahada huipati, ila hujakosea upande. Mwanzoni mwa karne ya 19 Buenos Aires na Montevideo, "tango" au "tambo" yalikuwa maneno ya mikusanyiko ya ngoma ya watu weusi, watumwa na waliokombolewa. Walikuwa na vyama vyao kwa asili zao: Kongo, Benguela, Kabinda, hata Msumbiji. Neno lenyewe lilitoka wapi hasa, wataalamu wanavutana mpaka leo, na wengi wanatazama Kongo na Angola kabla ya kuja pwani yetu. Mmoja wa watunzi wakubwa wa mwanzo, Rosendo Mendizábal wa "El entrerriano" ya 1897, alikuwa mtu mweusi.

Ukiutaka usaliti mwingine, huo hapo. Waliolianzisha hawamo kwenye hadithi za hariri na kabarei.

#32 Mtaa_wa_Pili
Hiyo ingestahili uzi wake.

Swali dogo: ile maarufu kuliko zote, "La cumparsita", ya Argentina pia ni ya kuachwa?

#33 Fundi_Redio
Si ya Argentina, ni ya Uruguay! Ukiisema hivyo Montevideo utapata tabu. Aliitunga Gerardo Matos Rodríguez, mwanafunzi, miaka ya 1916 na 1917, kama marshi ya kanivali. Haikuwa na neno hata moja la mapenzi. UNESCO walipoliandikisha tango 2009 waliandika nchi zote mbili, maana wangepigana.

Sasa sikiliza uchungu. 1924 Contursi yuleyule wa biskuti, pamoja na Enrique Maroni, wakaupachika maneno bila kumwomba ruhusa mwenyewe. Ukavuma ajabu. Matos Rodríguez alikuja kugundua akiwa Paris, na kesi zilimla miaka mingi. Maneno ni ya kuachwa, ndiyo, tena mabaya kuliko yote: hata mbwa mdogo aliyekuwa hali chakula kwa kumkosa mwanamke, siku moja alipomwona jamaa yuko peke yake, naye akaondoka.

#34 Mzee_wa_Bucha
Mbwa wangu alibaki. Niseme ukweli. Lakini mimi nauza nyama.

#35 Baharia_Mstaafu
Hahahaha, Mzee wa Bucha, nimecheka mpaka mke wangu kaamka.

#36 Fundi_Redio
Na kabla sijalala: msidhani maneno mnayoyasikia ndiyo yalivyokuwa siku zote. Serikali ya kijeshi iliyoingia 1943 ilipiga marufuku lunfardo redioni, na ulevi pia uliwakera. "Los mareados" ya Cadícamo na Cobián, yaani waliolewa, ililazimika kupewa jina "En mi pasado". Wapenzi wawili wanaagana wamelewa chakari, serikali ikawatoa pombe. Mambo yalilegea 1949, watunzi walipokwenda kumwona rais Perón.

Kwa wanaouliza huku kwetu tango lilifika vipi: mlango mmoja ni Misri. Mohamed Abdel Wahab alitia mapigo ya tango kwenye nyimbo zake za filamu miaka ya 1930, na vikundi vya taarabu vya Unguja vilikua vikisikiliza Misri. Akodiani ikilia kwenye taarabu ya zamani, tegeni sikio.

#37 Bi_Shumi
Hilo la Misri kweli. Marehemu mume wangu alikuwa na santuri hizo, tukikatazwa kuzigusa.

#38 Kinanda_Kibovu
Ahsanteni wote. Jana ilikuwa Jumatano, nikamweleza mwalimu wangu uzi mzima: machimbo, buzi, mama na meli, Siti. La Siti lilimgusa sana, akaniomba jina nikamwandikia kwenye karatasi.

Nikamuuliza na yeye anaamini ipi. Akasema alipokuwa msichana alidhani nyimbo zote zinamsema shangazi yake, aliyeondoka nyumbani na mtu mwenye gari. Wanaume wa mtaa walikuwa wakizipiga kwa sauti kubwa shangazi anapopita kuja kumwona mama yake. Shangazi alikuwa anazijua zote kwa moyo na anaziimba jikoni akipika. Hapo muziki ukaanza, tukacheza.

#39 Lulu_wa_Maskati
Huyo shangazi ndiye ninayemtaka. Wimbo wake haupo?

#40 Mwalimu_wa_Zamu
Labda zote ni zake, kama alivyoziimba jikoni.

#41 Baharia_Mstaafu
Mwalimu, hapo umeteleza kwenye ushairi. Mimi nabaki na machimbo yangu.

#42 Mtaa_wa_Pili
Na mimi na gari.

#43 Kachumbari_Moja
Mleta mada, kuna swali tumekuonea aibu tangu ukurasa wa kwanza. Mtu hafuatilii nyimbo za vibuti na daftari mkononi bila sababu. Nani kakuacha? Na usiku unafunga mlango au hufungi?

#44 Kinanda_Kibovu
Nafunga. Hamburg Novemba ni baridi, na mwenye nyumba ni mkali kwa bili ya joto. Biskuti nanunua, lakini nakula mwenyewe.

#45 Kachumbari_Moja
Pakiti nzima?